Benchi Moja, GB 1.4: Kutumiana Faili Kongo na Majuu

Kwenye kibanda cha muvi kule Kongo, mtaani Kawangware jijini Nairobi, biashara huanza kwa maneno machache. "Bosi, niwekee za DJ Afro, tatu hivi." "Leta flashi." Mwenye kibanda anaichomeka kwenye kompyuta, anafungua folda, anachagua faili, na mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye skrini. Muda si muda mteja anaondoka na filamu tatu zenye masimulizi ya DJ Afro mfukoni na bando lake halijaguswa. Kibera nako, Makina au Olympic, mambo ni yale yale.

Mkenya aliyekaa majuu, London au Minneapolis, miaka kadhaa husahau haraka mambo haya. Huko nyumba ina Wi-Fi inayolipiwa kwa mwezi, na hakuna anayehesabu GB. Kazini watu hutumiana kiungo cha Google Drive au WeTransfer. Wenye iPhone wanatumia AirDrop, iliyoanza kwenye kompyuta za Mac mwaka 2011 na kufika kwenye iPhone 2013. Anayeishi hivyo hachagui programu ya kutuma faili. Mtengenezaji wa simu alishamchagulia.

Nyumbani Kenya anayeamua ni bando. Chukua video ya MB 700. Ikitumwa kwa WhatsApp, ambayo tangu 2022 inakubali faili za hadi GB 2, mtumaji anaipandisha mtandaoni kwa bando lake na mpokeaji anaishusha kwa lake. Watu wawili waliokaa benchi moja wametumia GB 1.4 kupitishiana kitu ambacho kingevuka hewani nusu mita bila senti. Kwa mtu anayenunua bando la shilingi 20 au 50 kwa siku, hiyo ni hasara kubwa, na inauma zaidi kwa sababu inaepukika.

Tatizo hili hujitokeza wazi mtu wa majuu anapokuja harusini. Amepiga picha 200 kwa iPhone, na binamu wenye Tecno, Infinix na itel wanamzunguka: "Nitumie!" AirDrop haizioni simu zao. Akizituma kwa WhatsApp kama picha, ubora unashuka. Akizituma kama hati ili zibaki safi, zinafika katika muundo wa HEIC, ambao iPhone ilianza kuutumia na iOS 11 mwaka 2017, na Android iliyo chini ya toleo la 9 haina uwezo wa kuzifungua bila programu ya ziada. Dawa ni kuiweka kamera ihifadhi kwa JPEG kabla ya sherehe, jambo ambalo wachache hulikumbuka.

Si kwamba nyumbani watu walikosa njia. Kwanza ilikuwa Bluetooth, ya bure lakini yenye mwendo wa kinyonga: kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, video ile ya MB 700 inachukua zaidi ya dakika 45. Zikaja Xender na SHAREit, ambapo simu moja hufungua Wi-Fi yake na nyingine ikajiunga, na kazi ya dakika 45 ikawa ya dakika moja au mbili. Hata programu yenyewe iliweza kupitishwa simu kwa simu. Zilistahili sifa zilizopata.

Lakini SHAREit ilijaa matangazo, na Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kwamba toleo lake la Android lilikuwa na mianya ambayo mdukuzi angeweza kuitumia kuiba data. Mianya ilizibwa baadaye. India ilikuwa imeshapiga marufuku SHAREit na Xender, pamoja na programu nyingine za Kichina, mnamo Juni 2020. Simu inayobeba M-Pesa, picha za watoto na nakala ya kitambulisho haifai kuwekewa programu inayodai ruhusa nyingi kuliko kazi yake.

Kwa Android na Android, basi, Quick Share inatosha. Google iliianzisha Agosti 2020 kwa jina la Nearby Share, ikaiunganisha na Quick Share ya Samsung mwaka 2024, na iko tayari ndani ya simu nyingi. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share itaongea na AirDrop, ikianzia kwenye Pixel 10. Habari njema, ila Pixel 10 si simu ya kuikuta kila kona ya Kawangware.

Kwa familia yenye iPhone, Tecno na laptopu ya Windows, chaguo bora kwa sasa ni LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na faili husimbwa zikiwa njiani. Kila kifaa hujipa jina la tunda au mboga. Unachagua jina la kifaa cha jirani na kutuma. Sharti ni vifaa kuwa kwenye mtandao mmoja. Wi-Fi nyingi za mikahawa huzuia vifaa kuonana, hivyo ni heri simu moja ya Android ifungue hotspoti na nyingine zijiunge, data ya mwenye hotspoti ikiwa imezimwa. Aliyetoka majuu ndiye anayefaa kubadili mazoea: aipakue programu hiyo kwa Wi-Fi ya nyumbani kwake kabla ya kupanda ndege, pamoja na faili yake ya Android, ili akifika awapitishie binamu kwa flashi.