Gari la Shirika na Tuta Lisilopakwa Rangi



Mali ya shirika haina usiri. Kila mwenye fungu lake ana haki ya kujua imelala wapi, imeamkaje na imepungua nini. Sisi ni ndugu watatu wa kike, wa tumbo moja, na huu ni mwaka wa nne tangu tulipochanga faida ya mapishi ya arusi tukanunua gari moja kwa mafungu matatu. Ni Subaru Forester ya gia za mkono, lililokwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Kilindini. Tulilichagua kwa sababu moja tu: mama yetu anakaa upande wa Witu, na njia ya kutoka barabara kuu hadi mlangoni pake hugeuka tope la kumeza ndara ifikapo masika. Gari ambalo injini huyasukuma magurudumu yake yote manne hupita pale ambapo jingine hukwama.

Akina mama wengi wa mwambao siku hizi wanamiliki magari ya namna hii, na uzuri wake wanaujua. Ila ni wachache waliowahi kuelezwa namna linavyoumia na namna ya kuliuguza. Yaliyotufika tumeona tuyaandike, huenda yakamfaa mmoja wenu.

Mwezi wa Mei tulikuwa tukimleta mama Mombasa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Miadi ilikuwa Jumatatu asubuhi, nasi tulikuwa njiani Jumamosi. Mpwa wetu ndiye aliyeshika usukani, kijana mtaratibu ambaye mama mwenyewe humsifu. Tulikwisha kuupita mto Tana, tukielekea Malindi. Jua la alasiri lilikuwa limelaza vivuli vya miti juu ya lami. Mbele ya vibanda vya biashara palikuwa na tuta jipya, halina rangi wala kibao, limeshindiliwa kwa lami ile ile nyeusi ya barabara. Kijana alipoliona, tulikuwa juu yake. Gari lilirushwa, likatua kwa tumbo, na mlio tuliousikia ulitoka chini ya viti vyetu.

Tulisimama, tukatazama. Tairi zote zilikuwa nzima, wala hapakuwa na mafuta yanayovuja. Tukaendelea polepole. Lakini kila mwendo ulipofika kilomita 50 kwa saa, sakafu ilitetema mpaka mama akashika mlango kwa mikono miwili, na mngurumo kama wa jiwe la kusagia ulisikika katikati ya gari. Tukalisimamisha kando ya barabara, na safari hii hatukuliwasha tena.

Watu wema walijaa upesi, na kila mmoja alikuwa na rai yake. Wa kwanza alileta kamba atuvute. Wa pili alikuwa na gari lenye ndoano, la kunyanyua magurudumu ya mbele na kuyaacha ya nyuma yabiringike. Fundi mmoja aliyefika kwa bodaboda alitaka kuifungua shafti ndefu ya chini, aiweke butini, kisha tufike Mombasa kwa magurudumu ya mbele peke yake. Rai zote tatu zilikuwa rahisi, na mama alikuwa amechoka. Hata hivyo mmoja wetu, ambaye ndiye hutunza kitabu cha gari, alizikataa zote. Ilitubidi tutafute lori lenye kitanda cha kubebea gari zima, kwa shilingi 22,000. Mama tukampandisha matatu pamoja na mmoja wetu, wakatangulia.

Sababu ya kukataa inafaa kuelezwa. Katika gari la namna hii, nguvu ya injini huingia kwenye giaboksi, na humo hugawanywa mara mbili: nyingine huenda magurudumu ya mbele, nyingine hupita kwenye shafti ndefu, iitwayo propela, hadi kwenye difu ya nyuma. Panapogawanywa nguvu hiyo pana difu ya katikati. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo kidogo, kwa sababu gari likikata kona, ya mbele hupita njia ndefu zaidi kuliko ya nyuma. Katika magari mengi ya gia za mkono kama letu, difu hiyo huambatana na chombo kilichofungwa, chenye sahani nyembamba ndani ya majimaji mazito. Upande mmoja ukizunguka mno kuliko wa pili, majimaji yale hupata moto na kuzikaza sahani.

Basi mtu akinyanyua magurudumu ya mbele na kuyaacha ya nyuma yabiringike kilomita nyingi, upande mmoja unazunguka na wa pili umesimama. Chombo kile huchemka hadi kikafa. Akiifungua propela na kuliendesha kwa magurudumu ya mbele, mambo ni yale yale, maana difu ya katikati hukimbilia upande usio na mzigo. Yako magari mengine ambayo hustahimili kufunguliwa propela, kwa kuwa yameundwa kuvuta kwa mbele na kuita ya nyuma inapohitajika. Siyo yote, na aliye barabarani hana namna ya kubahatisha. Ama kamba, ingeliizungusha propela iliyokwisha kuumia njia nzima mpaka Mombasa.

Gereji ya kwanza tuliyoifikia Mombasa hatutaitaja. Mwenyewe alizungumza na mpwa wetu tu, ilhali wenye gari tulikuwa tumesimama mbele yake. Alilizungusha mtaa mmoja, akarudi na hukumu: giaboksi imekufa, gharama ni shilingi 165,000, na malipo ya awali yatangulie. Tulipomwuliza ameijuaje giaboksi bila kulipandisha gari juu, alicheka na kumwambia kijana, "Hawa mama zako wana maswali." Tukaliondoa gari lile lile kwa lori jingine.

Fundi wa pili ni mzee wa makamo ya baba yetu. Alituamkua, akauliza mwenye gari ni nani, na tulipojibu kuwa ni sisi watatu, akatuletea viti. Aliliweka gari juu ya vishikizo, magurudumu yote manne yakielea, akaingia chini na tochi. Aliizungusha propela kwa mkono polepole, akatuita tutazame. Katikati yake, propela ile hushikwa na beringi iliyovikwa mpira na kufungwa kwenye sakafu ya gari. Mpira ulikuwa umechanika na kishikio chake kimepinda, hivyo shafti ilikuwa ikipigapiga huku na huku. Yenyewe pia ilipinda kidogo. Bushi za kushikilia difu ya nyuma zilipasuka, na mpira wa shafti ya gurudumu la nyuma ulitoboka, grisi imetapakaa.

Kisha akamwaga mafuta ya difu, halafu ya giaboksi, kila moja katika karai lake, akapitisha sumaku na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Ulitoka unga laini wa kijivu, ambao alisema ni wa kawaida kwa uzee wa gari. Kipande cha chuma hakikuonekana hata kimoja. "Meno yangevunjika, wanangu, tungeyaokota hapa," alisema. Giaboksi ilikuwa nzima. Hesabu yake aliiandika kwenye karatasi: propela iliyotumika pamoja na beringi yake shilingi 24,000, bushi 9,500, mpira na grisi 4,000, mafuta mapya 6,000 na ufundi 15,000. Jumla ilikuwa 58,500.

Hata hizo hatukuwa nazo zote. Mama alikwisha kufanyiwa upasuaji, alhamdulillahi, na akiba ilikuwa imepungua. Hapo ndipo akaja dalali mmoja, jirani wa jirani, na neno tamu. Alikuwa tayari kutupatia shilingi 650,000 vivi hivi. Beringi ingefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, difu ingejazwa mafuta mazito yanyamazishe mlio, na mnunuzi angelijaribu gari ndani ya mji, ambako mwendo haufiki kilomita 50. Yatakayofuata ni yake na gari lake.

Tusiseme kwamba jambo lile lilikuwa jepesi. Mmoja wetu ana binti aliyepata nafasi ya chuo, na karo ilikuwa inadaiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Fungu lake katika fedha zile lingemaliza deni lote. Alizungumza kwa machozi, na alikuwa na haki ya kulia. Tulikaa usiku kucha katika ukumbi wa nyumba, maneno yakapanda, na mama yumo chumbani, jicho limefunikwa, anasikia kila neno.

Asubuhi alituita. Hakutusomea wala hakutukemea. Aliuliza tu: "Huyo atakayelinunua, naye ana mamake atakayempakia?" Hapakuwa na wa kumjibu. Kuficha aibu ya bidhaa na kupokea thamani ya kilicho kizima ni jambo ambalo kila mtoto wa chuoni amefunzwa hukumu yake. Lakini siku ile lilikuwa na sura ya mtu, mwanamke mzee ameketi kiti cha nyuma, ameshika mlango kwa mikono miwili.

Gari tukalitengeneza. Wawili kati yetu tulinunua fungu la ndugu yetu mwenye haja, kwa malipo ya miezi 10, na lile la kwanza likatangulizwa chuoni. Tuliandikiana, tukashuhudisha, ili udugu usiingiwe na kinyongo. Amekosa fungu katika gari, lakini akilihitaji hulichukua, wala haombi.

Ama nasaha zetu kwenu ni hizi. Gari likigonga tumbo kisha likatetema au kunguruma, lisimamisheni; mlio unaobadilika kwa mwendo wa gari hutoka kwenye vinavyozunguka chini. Lichukuliwe na lori la kulibeba zima, na kama bima yenu inalipia gharama hiyo, hilo ni la kuulizwa kabla ya safari. Fundi asitaje bei kabla hajalipandisha juu na kuwaonyesha ugonjwa kwa macho yenu. Mwanamke aliyelinunua gari ana haki ya kutazama chini yake. Mafuta yamwagwe na kutazamwa kabla ya kuhukumu giaboksi. Tairi ziwe nne za kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana, maana tairi moja mpya kati ya tatu kuukuu huipa difu ya katikati kazi isiyokwisha, hata barabara iwe sawa kama sakafu ya msikiti.

Na tuta? Tuta si adui. Huwekwa kwa sababu watoto huvuka barabara pale, na mwenye kulidai aghalabu ni mzazi aliyekwisha kuzika. Linalodhuru ni tuta lisiloonekana. Kopo moja la rangi nyeupe, siku moja ya vijana wa mtaa na idhini ya wahusika huliokoa gari la mpita njia pamoja na mguu wa mtoto wa kijiji. Palipo na tuta jeusi karibu na nyumba zenu, wapendwa wasomaji, lifuatilieni jambo hilo juma hili, kabla masika mengine hayajaingia.

Wabillahi tawfiq.