Helikopta ya kwanza: usianze nilipoanzia mimi

Najua nimeadimika. Semista hii imetukaba koo, kila wiki testi, na wale wenzangu wa ualimu wa fizikia na hesabu tunajuana hali. Ila leo sizungumzii testi wala bumu kuchelewa. Leo nataka kuongelea helikopta. Siyo ya kupanda, ni ile ndogo ya kuchezea, ya rimoti. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma, maana mwenzenu somo hili nimelilipia.

Kisa kinaanzia mwaka 2015. Kipindi cha kampeni, helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi. Vumbi lile! Walimu walitufukuza tusisogee, sisi ndio kwanza tukazidi kusogea. Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, hakuelewa kitu, ila nimemsimulia mara nyingi mpaka siku hizi anasimulia yeye kama vile aliiona. Alipoingia darasa la saba nikamwahidi: ukifaulu, kaka yako anakuletea helikopta yako mwenyewe. Dogo kakaza, kafaulu. Deni likabaki kwangu.

Bumu lilipoingia nikasikia kuna jamaa hosteli ya pili anauza helikopta yake, mtumba lakini safi. Nilipoiona nikachanganyikiwa. Ndefu kama mkono wangu, pangaboi moja kubwa juu, jingine dogo mkiani, chaneli 6. Jamaa akasema hii inaruka hata chali, miguu juu. Nikatoa 180,000 bila hata kubembeleza bei. Hakunidanganya, kweli inaruka chali. Sikujiuliza tu kama mimi naweza kuirusha wima.

Jioni tukaenda kiwanjani na rumumeti wangu. Nikasukuma kijiti, ikainuka kama mita moja hivi. Pua ikageuka kushoto, nikashtuka nikarudisha kulia kwa nguvu, ikalala ubavu, mapanga yakachapa ardhi. Nahesabu sekunde 10 tangu iinuke, rumumeti anasema 6. Mapanga mawili yamevunjika, mhimili umepinda, gia za mkia zimeng'oka meno. Vipuri mpaka uagize nje. Mwezi ule nilikula wali maharage mara moja kwa siku, na dogo nyumbani anapiga simu kila Jumapili: "Kaka, umeshaiona?" Namjibu naitafuta nzuri. Roho inaniuma.

Ndipo nikakaa chini kusoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kutoa hela. Na aibu ni kwamba jibu lilikuwa kwenye somo langu mwenyewe, sheria ya tatu ya Newton. Pangaboi likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta nao unasukumwa kuzunguka upande wa pili. Igor Sikorsky kwenye VS-300 yake, iliyoruka Marekani mwaka 1939, alitumia pangaboi dogo la mkiani kuuzuia mwili usizunguke. Mpangilio huo ndio tunaouona kwenye helikopta nyingi mpaka leo. Ni mzuri, lakini unataka marekebisho kila sekunde, na mkono wa mwanagenzi bado haujui.

Kuna njia nyingine. Unaweka mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja, moja juu ya jingine, yanazunguka kwa kupishana pande. Nguvu ya kuuzungusha mwili inajifuta yenyewe. Helikopta za kweli za Kamov, za Urusi, ni za namna hiyo. Kwenye zile ndogo za kuchezea, juu kabisa kuna kifimbo chenye vyuma viwili vya uzito nchani, hicho kinazituliza zisiyumbe. Ukiachia vijiti vya kugeuza, inatulia yenyewe. Hii ndiyo ya kuanzia, wadau.

Kwa hiyo ngazi ziko tatu. Ya kwanza ni hizo za pangaboi mbili, chaneli 3: kupanda na kushuka, kugeuka, kwenda mbele na nyuma. Syma S107G ni mfano maarufu. Ya pili ni pangaboi moja, chaneli 4, ambayo inaweza kwenda pia ubavuni. Mfano WLtoys V911. Siku hizi zipo na za ngazi hii zenye kihisi cha mgandamizo wa hewa kinachozishikilia zisipande wala kushuka zenyewe, hizo nazo mwanagenzi anaweza kuzimudu. Ya tatu ni zile zinazobadilisha mlalo wa mapanga yenyewe zikiwa hewani. Ndiyo hiyo iliyonila bumu. Usiiguse mpaka mikono yako iwe imezoea.

Nilipofika hapo nikakumbuka mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili. Siku ya kukaguliwa, kidato cha pili, nikataka kumvutia mkaguzi, nikafungua kipindi kwa swali gumu la kwenye mitihani ya zamani. Darasa kimya kama msibani. Baadaye mama yule akaniita pembeni, akasema taratibu, "Mwalimu, umewapandisha ngazi ya tatu hawajakanyaga ya kwanza. Unadhani hawana akili?" Nilidhani nimemwelewa. Kumbe nimemwelewa vizuri mbele ya helikopta iliyovunjika.

Nikaenda Kariakoo na 65,000 ya kukopa, nikachukua S107G. Mambo ya kuangalia kabla hujalipa ni haya. Kwanza, uliza kama mapanga ya akiba yapo dukani, maana utavunja, hilo halina mjadala. Pili, jua rimoti inatumia nini. S107G inatumia infraredi, kama rimoti ya tivii, kwa hiyo juani inapoteza mawasiliano na mbali haifiki. Ukitaka ya kutumia zaidi ya chumba kimoja, tafuta yenye redio ya gigahezi 2.4. Tatu, betri. Yangu ina volti 3.7, inaruka kama dakika 7 halafu inachajiwa zaidi ya nusu saa. Iache ipoe kwanza ndipo uchaji, usiiache kwenye chaji ukaenda kulala, na betri ikivimba usiichaji tena. Nne, ni nyepesi mno, upepo kidogo tu inaondoka. Rushia ndani.

Kujifunza kwenyewe, iweke sakafuni mkia ukikutazama wewe, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Siku ikikugeukia pua, kila kitu kinakuwa kinyume, hapo ndipo wengi tunagonga ukuta. Inyanyue kidogo, itulize, ishushe. Rudia hivyo kabla ya kuota kuzunguka chumba. Na ukiona inakwenda kugonga, ondoa moto, acha ianguke. Kuanguka haivunjiki sana, inavunjika mapanga yakigonga huku bado yanazunguka. Mimi siku ile nilizidisha moto.

Krismasi nikaenda nayo nyumbani. Tukasogeza makochi, mama kakaa mlangoni na kanga yake tayari kukimbia. Dogo akaigonga ukutani mara ya kwanza, ya pili, kwenye pazia mara ya tatu. Kila mara anaiokota, anaiangalia, inaruka tena. Siku ya pili akaitua juu ya meza, akanitazama bila kusema neno. Nikajisikia nimelipa deni, la kwake na la wale watoto wa kidato cha pili.

Kabla sijaondoka akaniuliza, "Kaka, na ile kubwa uliyoniambia imeharibika?" Nikamwambia iko chini ya kitanda hosteli. Tutaitengeneza wote, akiweza kuizungusha hii ndogo sebule nzima bila kugusa kitu. Juzi kapiga simu, anasema bado kabati tu linamsumbua.

Ngoja niishie hapa, kesho nina kipindi saa moja asubuhi na bado nadaiwa ile 65,000. Kazi kwenu.