Pondo la Shangazi

Klipu ilinifikia kwa WhatsApp Aprili 2024, maji ya Rufiji yakiwa yamefunika mashamba kule Kibiti. Binamu alirekodi kwa simu: shangazi kasimama kwenye mtumbwi, anasukuma pondo juu ya mpunga wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Video yake nyingine hatuna.

Nami nilikuwa na video zangu za Nyamisati, mikoko na boti za Mafia, nilizopiga kwa kamera, fremu 25 kwa sekunde. Simu ilipiga 30, tena kwa kusuasua, maana simu nyingi hubadili mwendo mwanga ukipungua. Nikaigeuza kwanza iwe 30 kamili, nikaziunga pamoja kwenye mradi wa 25. Programu ikafanya hesabu yake: katika kila fremu sita, moja inatupwa. Pondo likawa linaruka. Linazama, mara limeshatoka.

Nikajaribu kuziacha fremu zote, zichezwe 25. Hapo dakika moja inakuwa sekunde 72. Mtumbwi uliteleza vizuri, nisiseme uongo, ulipendeza. Ila cheko la shangazi likawa zito, kama mtu anayeomboleza. Na siku ile alikuwa anacheka kwelikweli, jamani! "Piga hivyo hivyo, mwanangu, waone mpunga unavyoogelea."

Mwishowe nikabadili mradi wote uwe 30. Sasa video zangu ndizo zinazokwama, kila baada ya fremu tano moja inarudiwa. Boti ya Mafia inatetemeka kidogo ikitoka gatini. Pondo linazama, linatoka.