Upepo Una Hesabu Yake

Gari lenye turbo likiletwa kwangu, sifungui boneti kwanza. Namwomba dereva awashe, nami nakwenda kusimama nyuma, kwenye eksozi, nikiwa na karatasi nyeupe mkononi. Nimefanya hivyo tangu 1989, mwaka nilioingia gereji ya Kashai mjini Bukoba kujifunza kazi. Mwalimu wangu hakuruhusu mwanafunzi yeyote kushika spana kabla ya kusoma karatasi hiyo. Unaishikilia karibu na mdomo wa bomba, unahesabu mpaka kumi, unaipeleka kwenye mwanga. Masizi makavu yanayopanguka kwa kidole ni dizeli iliyokosa hewa. Unyevunyevu wa kahawia unaoteleza ni oili. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyotoka bila kuungua, na mweupe usiowasha, unaotoka kama mvuke wa sufuria ya ndizi, ni maji ya rejeta.

Mzee yule alijifunza ufundi Jinja, Uganda, akarudi Bukoba kabla ya vita vya 1978 kati ya nchi hiyo na Tanzania. Hakuwa na vyeti vingi. Alikuwa na bisibisi moja ndefu ambayo ncha yake aliiweka kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Ukutani alibandika picha iliyokatwa gazetini ya Toyota Celica Twincam Turbo, gari lililoshinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ndiyo turbo ya kwanza niliyoifahamu, kwa picha tu. Nilipomuuliza inafanyaje kazi, alichukua feni mbili za kuchezea watoto, akazichomeka kwenye mwisho na mwanzo wa kijiti kimoja, akapuliza moja. Ya pili ikazunguka. "Moshi unaotoka unazungusha hii," akasema, "na hii inasukuma hewa ndani. Basi. Mengine yote, mwanangu, ni kuhesabu." Baadaye nilisoma kwamba Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Sijapata maelezo yaliyozidi yale ya feni mbili, na hadi leo nawafundisha vijana wangu kwa njia hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ya turbo ilitujia kwa njia ya huzuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mkoa wetu wa Kagera ukajaa magari ya mashirika ya misaada, mengi yakiwa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, dizeli, bila turbo. Kambi za Wanyarwanda zilipofungwa Desemba 1996, magari hayo yakaanza kuuzwa mnadani. Wafanyabiashara wa kahawa, ndizi na samaki wakayanunua. 1HZ ni injini ya subira. Haichoki upesi, lakini ukiipakia mzigo na kuielekeza mlimani, inakwenda kwa mwendo wake. Wenye magari hawakuutaka mwendo huo. Wakaanza kuniuliza kama naweza kuifungia turbo.

Nikasema naweza. Nilikuwa kijana, mikono yangu ilikuwa myepesi, na nilidhani kufunga ndiyo kazi yote.

Nieleze kosa langu la 2003 kwa kirefu, maana ndilo lililonifundisha. Mteja alikuwa akibeba sangara kwa Land Cruiser ya 1HZ kutoka mwaloni upande wa Muleba kwenda kiwandani Bukoba. Samaki wanashuka kwenye mitumbwi ya Bumbire na visiwa vya jirani alfajiri, wanapangwa kwenye barafu, na kuanzia hapo unashindana na jua. Kutoka usawa wa ziwa, ambao ni mita 1,134 juu ya bahari, mpaka kuifikia barabara kuu, ni kupanda tu. Nilimfungia turbo iliyotoka kwenye injini ya 1HD-T. Gari likapiga filimbi vizuri, lakini mteja akasema halijaongeza nguvu aliyoitarajia. Ni kweli. Hewa ilikuwa imeongezeka, dizeli haijaongezeka. Basi nikalegeza nati kwenye pampu, nikaingiza skrubu ya mafuta robo mzunguko. Tukalijaribu tupu kwenye barabara ya Muleba mjini. Likaruka. Mteja akanikumbatia. Nikaingiza robo nyingine.

Siku ya nne likapanda na mzigo, zaidi ya tani mbili pamoja na barafu. Dereva aliniambia baadaye kwamba moshi ulikuwa mweusi tangu chini, ila gari lilikuwa na nguvu, hivyo hakuachia pedeli. Karibu na kilele likapoteza silinda moja, likaanza kutikisika, kisha oili ikatoka kwenye kifuniko kama imesukumwa na pampu. Nilipofungua hedi jioni ile, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingoni. Niliweka kidole kwenye lile bonde: laini kabisa, kama sabuni iliyolambwa na maji. Hedi nayo ilikuwa na ufa kwenye chemba ndogo ambamo 1HZ huanzia kuunguza mafuta yake.

Injini ile imetengenezwa kubana hewa mara 22.4. Ndugu yake 1HD-T, iliyozaliwa na turbo kiwandani, inabana mara 18.6, na pampu yake ina kidiaframu kinachopima upepo wa turbo kwanza, ndipo kinaporuhusu dizeli iongezeke. Pampu ya 1HZ haina hicho kitu. Mimi niliifungulia mafuta yote, turbo iwe imeamka au imelala, na sikuweka kipimajoto cha eksozi. Dizeli ikizidi hewa, moto haupoi. Unapanda, na kwenye mlima mrefu chuma hakipati pa kupumulia.

Samaki waliharibika. Mteja hakunishtaki, hakunitukana. Alikaa kwenye tairi bovu mbele ya gereji, akaniuliza, "Sasa tunafanyaje, fundi?" Swali lile liliniuma kuliko tusi. Nililipa injini nyingine. Ili kuilipa niliuza kahawa ya kibanja cha baba ikiwa bado maua mtini, ile biashara ya butura ambayo kila Mhaya anajua ni kujikata mwenyewe. Misimu miwili familia yangu iliona kahawa ikichumwa na kupakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Mama hakusema kitu. Alianika maharage pale pale tulipozoea kuanika kahawa.

Tangu hapo hakuna gari linaloongezwa mafuta kwangu bila kipimajoto. Ninatoboa manifoldi ya eksozi kabla ya turbo, nafunga sensa, geji inakaa mbele ya macho ya dereva. Kwenye mlima mrefu mwisho wangu ni nyuzi 650. Na kila inapowezekana natumia pampu yenye kidiaframu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufundi havikuliandika kwa ajili yetu. Pwani, hewa inakulalia kwa pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Bukoba, ukingoni mwa ziwa, ni kama pauni 12.8. Ukipanda Kamachumu inapungua zaidi. Fundi wa Dar es Salaam akimwambia kijana wa huku aweke turbo pauni 9, geji itasoma 9 kote kuwili, lakini ndani ya silinda si kitu kimoja: kule jumla ni 23.7, huku ni 21.8. Kijana anaona gari zito, anakaza mpaka afikie ile nguvu ya pwani. Kufika hapo turbo inalazimika kuikuza hewa yetu mara 1.85 badala ya 1.6, inazunguka kasi zaidi ya ilivyopangiwa, na hewa inatoka ya moto. Nimeona bilauri nyingi za chai zikiachwa zipoe kwenye gereji yangu wakati nikichora hesabu hiyo kwa chaki sakafuni. Ninairudia kwa kila mteja, hata kama amekuja kubadilisha fani belti tu.

Mwaka 2009 nilihamia Muleba, nikafungua gereji yangu karibu na barabara kuu. Mteja wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi, mwenye Canter ya 4D34T. Alikuwa amebadilishiwa turbo tatu ndani ya miezi mitano, kila moja ikifa baada ya wiki chache. Alikuja na ya tatu ndani ya mfuko wa rambo, akaiweka mezani kwangu kama mtu anayeleta mwili. "Waitu fundi, nimechoka kununua hiki kitu. Niambie kinauawa na nini."

Niliishika shafti kwa kidole gumba na cha shahada. Kuchezacheza kidogo kando ni halali, kwa sababu shafti ya turbo haikai kwenye gololi. Inaelea kwenye oili, ikizunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Hii ilicheza mpaka bawa liligusa nyumba yake. Beringi zilikuwa za bluu. Bluu ni rangi ya kukosa oili. Oili ya injini ilikuwa safi, presha ilikuwa nzuri. Basi nikafuata kile kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye turbo, nikafungua bolti lake lenye tundu, nikachungulia juani. Ndani palikuwa na uzi mwekundu, kama mguu wa buibui. Nikauvuta kwa sindano. Silikoni. Fundi mmoja wa awali alipaka silikoni badala ya kuweka washa mpya ya shaba, ikafinyika ndani, na kila turbo mpya ilifungwa kwenye koo lile lile lililozibwa. Washa ile ni kitu cha bei ndogo kuliko mkungu mmoja wa ndizi. Yule mama aliushika ule uzi muda mrefu, akaufunga kwenye leso yake, akaondoka nao.

Vijana wa Subaru walikuja baadaye. Forester na Impreza za EJ20, zilizofunguliwa eksozi. Wapo waliodhani mzee wa dizeli hatawaelewa. Mmoja alileta Impreza iliyokosa nguvu, inayonuka petroli na kutoa moshi mweusi, na kila akibadilisha gia ilitaka kuzima. Alikuwa amebadilisha plagi, koili, hata turbo yenyewe. Injini hii inahesabu hewa mlangoni, kwa sensa iliyo baada ya filta. Ikishahesabiwa, kompyuta inatoa petroli ya kiasi hicho. Hewa ikitoroka njiani baada ya hapo, petroli haina habari, inakuja ile ile.

Nilikata kipande cha bomba la plastiki la maji, nikaziba ncha moja, nikafunga valvu ya tairi, nikakichomeka mahali pa filta, nikajaza upepo pauni 10 kwa kombresa. Kisha nikamwagia hozi maji ya sabuni. Chini ya intakula, pale raba inapopokea mdomo wa turbo, povu likaanza kuota, dogo, jeupe, likikua taratibu. Kijana aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. La pili lilikuwa ile valvu ya kutoa upepo nje, inayopiga chafya ukiachia pedeli. Aliipenda sauti ile. Nilimweleza kwamba kila chafya ni hewa iliyokwisha kuhesabiwa inayotupwa, na ndiyo sababu gari linataka kuzima kwenye gia. Ilimchukua wiki mbili kukubali nirudishe upepo ule kwa bomba kwenye njia yake. Alipokubali, alikaa na mimi mwaka mzima akijifunza. Sasa ana gereji yake Rwamishenye.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, injini ya 1KZ ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo nilipoanza kuiona ikitembea yenyewe, kushoto, kulia. Tulikimbilia nje. Tetemeko lile la 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, Bukoba zaidi, nami nilipoteza ukuta mmoja tu. Wiki zilizofuata malori yalipanda na saruji na mabati mchana na usiku, yamepakiwa kupita kiasi, na sisi tulilala gereji. Sikumtoza mtu kazi ya hozi wala ya filta mwezi ule.

Mteja wangu wa sangara amezeeka. Mwanawe ndiye anayeendesha. Juzi aliniomba nipande naye kutoka mwaloni, alisikia filimbi imebadilika. Tulipanda na mzigo, dirisha wazi, nikisikiliza. Ilikuwa hozi, klipu imelegea, sauti ya upepo kupita mahali pembamba. Lakini mlima haukuwa umeisha, na mshale wa kipimajoto ulipita 600, ukafika 630, ukaendelea. Nilimwangalia kijana. Hakusubiri nimwambie. Aliachia pedeli kidogo, akateremsha gia, injini ikapaza sauti, na mshale ukaanza kurudi.