Kitasa Kigumu cha Mlango wa Motokaa

Siku hizi wenye motokaa wengi hufungua milango kwa rimoti, wala hawatii ufunguo katika kitasa hata mwaka ukapita. Basi kitasa hukaa bure, vumbi likaingia, na unyevu wa pwani wenye chumvi ukakila polepole.

Jirani yetu alipatwa na shida hiyo usiku wa manane, mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Betri ya rimoti ilikuwa imekwisha. Ufunguo uliingia ila haukuzunguka. Akaukaza kwa nguvu, ukakatika, nusu mkononi na nusu tunduni. Mama yule alipelekwa hospitali kwa bajaji, akafika salama, namshukuru Mungu. Asubuhi fundi alipokitoa kipande kwa koleo dogo, kilitoka kimepakwa utandu mweusi unaonata. Jirani akasema amekuwa akitia mafuta ya kupikia.

Sababu yaeleweka. Ndani ya kitasa mna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake dhaifu. Meno ya ufunguo huvipanga sawa, ndipo kiini kizunguke. Kibati kimoja kikinata, mlango haufunguki. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani huwa kama ulimbo, nayo grisi ni nzito mno kwa springi ndogo hivyo.

Kitasa chataka kilainishi kikavu, kisichokamata vumbi. Cha zamani ni unga wa grafiti. Twasema "kalamu ya risasi", na wanafunzi wangu hustaajabu nikiwaambia kuwa hamna risasi ndani yake: ni grafiti na udongo. Matabaka ya grafiti huteleza moja juu ya jingine, ndiyo maana huandika, ndiyo maana hulainisha. Lakini ikikutana na mafuta huwa tope, tena huchafua mikono na nguo. Kwa hiyo mimi napendelea PTFE, ile Teflon ya vikaangio, iliyogunduliwa na Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Huuzwa katika kopo la kupuliza. Majimaji yake hukauka, utando mkavu ukabaki.

Na WD-40, ambayo kila duka la vipuri linayo? Ilitengenezwa mwaka 1953 ili kufukuza maji, nayo yafaa sana kuosha uchafu wa kale. Pulizia, ingiza ufunguo na kuutoa, uufute, rudia hata utoke safi. Kisha acha kitasa kikauke, ndipo utie kilainishi kikavu, kidogo tu.

Ufunguo uliolika hauponywi na kilainishi chochote. Chonga mpya kwa kufuata ule wa akiba usiotumika, maana ukiufuata uliolika utapata mwingine mbovu vile vile. Bawaba za mlango ni habari nyingine: hizo ndizo zitakazo grisi.