Kasha la Kilima cha Salaita

Kilima cha Salaita si kirefu. Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta aweza kukipita bila kukitazama, hasa siku ambayo Kilimanjaro umejifunua mbele yake. Sisi tulifika na watoto saba, mikeka na chupa za chai, kwani tulikuwa tumewaahidi jiokeshi, mchezo wa kutafuta kasha lililofichwa.

Mchezo huu ulianza Oregon, Marekani, mwezi Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti wanazotumia raia. Mtu huficha kasha na kutoa nambari za mahali lilipo. Alionaye huandika jina lake katika daftari lililomo. Kasha halifukiwi. Nasi tuliongeza sharti letu: pasiwe na mtoto wa kuchimba wala kuokota chuma, maana uwanja wa vita hauaminiki hata baada ya miaka mia.

Mmoja wetu alitangulia kulificha. Watoto wakapuuza simu, wakakimbilia kileleni. Hawakuwa wa kwanza kudanganyika hivyo. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele, ilhali Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa katika mahandaki ya chini. Wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni wa vita vya huku, walisonga mbele wakarudishwa kwa hasara. Zaidi ya 130 miongoni mwao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliowakinga waliporudi nyuma ni kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu, watu waliokuwa wakidharauliwa na hao hao waliookolewa. Husimuliwa kuwa Wabaluchi waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoiacha, pamoja na barua ya kuwaomba waache kuwaita makuli.

Kasha lilionekana chini, kando ya handaki lililokaribia kujaa udongo. Watoto walipokwisha kuandika majina yao, binti wa miaka tisa aliuliza wapagazi waliandikwa wapi. Taveta kuna makaburi ya wanajeshi, Maktau kuna ya Wahindi. Wapagazi, waliobeba unga na risasi wakafa kwa maradhi na njaa kwa maelfu, wengi hawana hata jiwe. Jeshi lao limebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Bibi tuliyekwenda naye aliomba daftari. Babu yake alichukuliwa upagazi wala hakurejea. Hakujua kuandika vizuri, basi alilitaja jina, na la baba yake, na la mtaa wao, na yule binti akaandika polepole, akiuliza herufi.

Kasha hatukuliacha, kwa kuwa hapakuwa na wa kulitunza. Atakayekwenda atoke Voi mapema, achukue mwenyeji wa kumwongoza, maana ndovu hupita huko, na abebe maji ya kunywa na ya udhu.