Maji ya rangi chini ya paa la kioo: Wasanii wa Ashiya katika New York

Leo twawaalika kusafiri nasi mpaka New York, katika nchi ya Marekani, tuone huko kazi za mikono ya Wajapani. Kando ya bustani kubwa iitwayo Central Park lasimama jumba jeupe lisilofanana na jirani zake. Majengo mengine ya njia ile yamesimama wima kama masanduku yaliyopangwa juu ya masanduku. Hili limeviringana kama konokono, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyopanuka. Ndilo jumba la makumbusho la Guggenheim. Aliyelichora ni Frank Lloyd Wright, nalo lilifunguliwa mwaka wa 1959, miezi michache baada ya kufa kwake.

Ndani yake iko njia moja yenye mwinamo mdogo, ipatayo mita 400, inayozunguka kuta toka chini hata juu. Katikati pameachwa wazi, na juu kabisa pana paa la kioo. Asimamaye chini huwaona watu wa kila ghorofa wakitembea polepole, na wale wa juu humwona yeye. Inafaa kukumbuka kwamba Wright alikaa Japani miaka kadhaa kwa kazi ya kujenga hoteli kubwa ya Imperial mjini Tokyo, iliyokamilika mwaka wa 1923, na alipenda sana kukusanya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mti. Basi Japani haikuwa ngeni kwa mjenzi wa nyumba hii.

Katika jumba hilo, kati ya mwezi wa Februari na wa Mei mwaka 2013, zilionyeshwa kazi za wasanii 25 wa chama cha Kijapani kilichoitwa Gutai. Waliotengeneza maonyesho hayo ni mabibi wawili wenye elimu kubwa ya mambo haya, Ming Tiampo na Alexandra Munroe. Lakini ili tuelewe uzito wa siku zile, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kuvuka bahari.

Kati ya miji mikubwa ya Osaka na Kobe uko mji mdogo uitwao Ashiya, wenye misonobari karibu na bahari. Miji ile ilipigwa mabomu mwaka wa 1945. Watu wakabaki katika majivu, na wengi walijiuliza jinsi taifa zima lilivyoweza kufuata sauti moja tu bila kuhoji. Katika Ashiya aliishi Jiro Yoshihara, mchoraji na mwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia. Mwaka wa 1954 aliwakusanya vijana akaanzisha chama cha Gutai. Jina hilo huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza yaonyesha chombo, ya pili mwili. Amri yake kwao ilikuwa fupi: wasimwige mtu yeyote, bali watengeneze kitu ambacho hakijapata kuwako. Kijana akileta kazi inayofanana na ya mwingine, Yoshihara aliikataa.

Fedha zilikuwa haba. Shozo Shimamoto, aliyekuwa mwalimu, hakuweza kununua kitambaa cha kuchorea. Akabandika magazeti, tabaka juu ya tabaka, akayapaka rangi. Karatasi ilipotoboka, hakuitupa: akayafanya matundu yenyewe kuwa kazi yake. Mwaka wa 1955, na tena mwaka wa 1956, wenzake walitundika kazi zao nje, katikati ya misonobari ya Ashiya, juani, mvuani na penye upepo, ili kila mpita njia azione.

Sasa tusikie jambo lililowapata. Mwezi wa Septemba mwaka 1958 kazi za Gutai zilifika New York kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya maonyesho ya Martha Jackson. Wachunguzi wa mji ule walizitazama, wakatoa hukumu mara moja: hawa wamemwiga Mmarekani mwenzetu, Jackson Pollock, aliyekuwa akitandaza kitambaa sakafuni na kukimwagia rangi. Kwa watu waliojiwekea sheria ya kutoiga, hukumu ile ilikuwa kama kuitwa mwizi mbele ya watu.

Je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Ni kweli kwamba Wajapani walimjua Pollock. Picha zake zilionyeshwa Tokyo mwaka wa 1951, na Yoshihara mwenyewe aliandika habari zake kwa heshima, bila kumficha. Lakini habari zilikwenda pande zote mbili. Pollock alipokufa mwaka wa 1956, kati ya vitabu vyake palikuwa na namba mbili za gazeti la Gutai, zilizovuka bahari kwa posta. Tena, kilichofika New York mwaka wa 1958 kilikuwa hasa picha za kitambaa. Kitambaa husafiri kwa urahisi na huuzwa kwa urahisi. Matope hayasafiri, wala maji yaliyoning'inia mitini, wala mlango wa karatasi uliokwisha kupasuliwa. Wachunguzi walipewa ukucha, wakadhani wamemwona chui mzima.

Ndiyo maana maonyesho ya mwaka 2013 yalikuwa na maana kubwa. Safari hii wageni walipewa kuona habari nzima. Tuingie pamoja nao.

Mara tu mtu alipoinua macho, aliona mifereji mirefu ya plastiki iliyo wazi kama kioo, imefungwa toka ukuta mmoja wa njia hata wa pili, ikining'inia hewani. Katikati ya kila mmoja yalitulia maji ya rangi, na nuru ya paani ilipita ndani yake. Hiyo ni kazi ya Sadamasa Motonaga, ambayo mwaka wa 1956 ilifungwa kwenye misonobari ya Ashiya. Hapa kuta za Wright zilishika kazi ya miti. Motonaga hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka wa 2011.

Kilikuwako pia chumba chekundu cha Tsuruko Yamazaki, kilichotundikwa bila kugusa chini, mfano wa chandarua cha mbu. Nani kati yetu asiyekijua chandarua? Mama huyu alikitazama kitu cha kila usiku, akakifanya kikubwa na chekundu, hata watu wakaingia ndani yake wakistaajabu. Atsuko Tanaka alitengeneza vazi la taa za umeme zenye rangi nyingi, akalivaa mwenyewe, ingawa uzito wake ni mkubwa kuliko mzigo wa sokoni. Saburo Murakami alijitupa kwa mwili wake wote katika karatasi zilizowambwa kwenye fremu, akatokea upande wa pili. Yasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kwa mtoto wake mdogo aliyepasua mlango wa karatasi nyumbani kwa hasira. Kazuo Shiraga aligaagaa katika matope mwaka wa 1955, tena alichora kwa miguu, akishika kamba iliyotoka darini. Mwaka wa 1971 mtu huyu huyu alipokea daraja ya mtawa wa Kibuda katika mlima wa Hiei, naye hakuacha kuchora.

Aliyetazama hayo yote aliona vema kwamba Pollock hakuwafundisha kutundika maji wala kuvaa umeme. Walijifunza kwake, kama kila fundi ajifunzavyo kwa fundi mwingine, kisha wakaenda njia yao. Kuiga ni kitu kingine: mwenye kuiga hutazama mkono wa mwenzake asiutazame wake. Yoshihara hakuyasikia maneno ya kumtetea. Alikufa mwaka wa 1972, na chama chake kikavunjika pamoja naye.

Kazi moja bado hatujaitaja. Yoshihara aliweka mwaka wa 1956 ubao mkubwa mtupu kati ya misonobari, pamoja na rangi, akaandika kwamba kila apitaye achore apendavyo. Watoto wa Ashiya walikimbilia. Haikuwa ajabu, kwa kuwa wana Gutai waliandika pia katika Kirin, gazeti la watoto la Osaka, wakisema kwamba wao wakubwa wana mengi ya kujifunza katika michoro ya wadogo. Katika New York ubao huo uliwekwa tena, na watu wa kila umri wakaujaza.

Enyi wanafunzi, na ninyi wazazi wao, kaa ni bure na ukuta wa udongo uko karibu. Mtoto akichora jambo msilolielewa, msiulize kwanza ameliona kwa nani.